Niliajiriwa kwa Kuoga

Haya vijana, mmeniomba niandike habari za kazi yangu, na najua mlichotaraji. Wazee wenu wengi wa hapa Landani waliendesha mabasi, au walisukuma vitanda hospitali, au walikaa ofisini wakigonga mihuri. Kazi za heshima zote. Mimi nilikuwa napiga kafi. Kwa miaka ishirini na sita nilikaa ndani ya mtumbwi, wakati mwingine peke yangu, nikipita mifereji na mabwawa ya mji huu. Mkisema hamkujua kuwa kuna kazi kama hiyo, hata mie sikujua mpaka nilipoipata.

Kafi, kwa nyinyi mliozaliwa huku, ni kasia fupi la kushika kwa mikono miwili, halifungwi popote. Siku ya mwanzo nilipolileta nyumbani Lewisham kulipiga msasa, mke wangu Zuhura alilitazama juu mpaka chini akaniuliza, "Mwiko wote huo, umealikwa kupika walima wa nani?"

Sasa kazi yenyewe. Mifereji ya Landani ilichimbwa zamani kupitisha mashua za mizigo, na maji yake hutoka kwenye mabwawa makubwa kama maziwa, yaliyo pembezoni mwa mji. Ukingo ukitoboka, maji yanapotea kidogo kidogo, na siku moja mtu anaamka anakuta zulia lake linaelea. Anayepita kwa miguu juu ya ukingo haoni kitu. Lazima ukae chini, uso wako karibu na maji, nawe uwe na subira. Mwalimu wangu, Mwingereza mmoja mnene aliyeitwa Alfred, sote tukimwita Alfi, alitumia unga wa mbao kutafuta matundu. Mie nilitumia makapi ya chai, kwa sababu nyumbani kwetu hayaishi. Unanyunyiza kiganja kimoja juu ya maji, unalaza kafi mapajani, unangoja. Makapi yakitulia, hapana kitu. Yakienda na upepo, huo ni upepo tu. Lakini yakianza kwenda kinyume na upepo, polepole, yote pamoja, kama watu wanaokwenda msibani, basi hapo chini pana tundu, na wewe unaandika kwenye daftari lako.

Nusu ya kazi ilikuwa kungoja huko. Na mtu anayengoja juu ya maji huanza kuota macho yakiwa wazi. Nimekwenda Unguja mara nyingi sana nikiwa nimekaa chini ya daraja la treni, treni inapita juu ya kichwa changu, nami naisikia sauti ya bibi yangu akipepeta mchele. Nikizinduka makapi yameshafika mbali na chai yangu imepoa.

Nusu ya pili ilikuwa kubeba. Mifereji inapanda na kushuka vilima kwa vyumba vya maji vyenye milango mikubwa ya mbao. Mashua huingia, mlango unafungwa, maji yanajazwa au yanatolewa, mashua inapanda au inashuka. Mtumbwi wa mtu mmoja haungoji yote hayo. Unautoa majini, unaupindua juu ya mabega, unatembea nchi kavu mpaka upande wa pili. Mkitaka kujifunza kubeba, msiinue kwa mgongo. Piga goti, ulete mtumbwi mapajani kwanza, upumue, kisha uuzungushe juu kwa mara moja, bila kusitasita. Mti uliokingama katikati ya mtumbwi unakaa mabegani. Wenzangu waliufunga sponji mti huo ili usiwaumize. Mie niliweka ngata niliyoikunja kwa kanga kuukuu ya Zuhura, na hakuna sponji lililopata kuishinda.

Mara yangu ya mwanzo niliuzungusha vizuri sana, ila nilisahau kumwaga maji yaliyokuwemo. Yote yaliniingia shingoni, na samaki mdogo pamoja nayo, mbele ya watoto wa skuli waliopanga foleni darajani. Alfi alicheka mpaka akakaa chini. "Sasa umeshabatizwa, Solly," akaniambia. Jina langu ni Suleiman, lakini halikumkaa mdomoni. Nikamwambia mie Muislamu. Akasema, "Maji hayakuuliza."

Nilivyoipata kazi hii ndipo penye aibu, kwa hiyo nitasema haraka haraka. Nilifika hapa miaka michache baada ya Mapinduzi, kijana wa miaka ishirini na mbili, nikaosha vyombo hotelini mpaka kucha zikawa nyeupe. Nikaona tangazo la ofisi moja ya maji. Nikavaa suti ya kuazima nikaenda. Mkubwa wa pale alikuwa mzee mrefu mwenye kiko kisichozimika, na tangu siku ile kwetu nyumbani hakuwa na jina jingine ila Bwana Kiko. Aliuliza nimetoka wapi. Nikasema Zanzibar. Akafurahi sana, akasema hicho ni kisiwa, halafu akaniuliza swali moja tu, kwa Kiingereza chake cha puani: "And do you bathe?"

Mie skuli nilifundishwa kuwa bathe ni kuoga. Nikajisikia damu inapanda. Katika nyumba niliyopanga, Waingereza waliingia bafuni Jumamosi kwa Jumamosi, na huyu ananiuliza mie, mtoto wa Bi Mize, kama naoga? Nikajikaza. Nikamjibu kwa adabu, "Every day, sir. And on Friday, two times."

Bwana Kiko akacheka, akapiga meza, akaandika kwenye faili. Kazi nikapewa pale pale. Nilitoka nikimwambia kila niliyekutana naye kuwa Waingereza wakubwa wanathamini usafi.

Ulipofika msimu wa joto ndipo nilipojua. Tulikuwa tumepumzika mimi na Alfi kando ya mfereji, na watoto wa mtaa wanajirusha majini kutoka darajani. Alfi akasema, "Watazame wanavyo-bathe. Najua inakuwasha, Solly. Ingia bwana, mie sitamwambia mtu." Nikaweka mkate wangu chini. Kumbe kwa Waingereza wa zamani neno hilo ni kuogelea. Kwenye faili langu imeandikwa kuwa naogelea kila siku ya Mungu, na Ijumaa mara mbili. Ndiyo sababu nilipewa mtumbwi peke yangu. Nimeajiriwa kwa kuoga.

Na kuogelea, wanangu, sikujua hata kidogo. Watu wa hapa wanafikiri ukizaliwa kisiwani unazaliwa na mapezi. Mie nimelelewa mtaa wa Ng'ambo, Unguja mjini, na bibi ambaye kaka yake alichukuliwa na bahari, na baharini nilikwenda sikukuu tu, viatu mkononi, maji yasipite vifundo. Bibi alinikagua nikirudi.

Mtasema kwa nini sikwenda kusema siku ile ile. Nilikuwa naogopa kurudi kwenye vyombo vya hoteli, na baadaye akaja mke, kisha akazaliwa binti yetu Rukia. Hizo zote sababu. Lakini sitawaficha, kubwa kuliko zote ilikuwa kuona haya. Mtu wa kisiwani, nitaanzaje? Basi nikavaa koti la maboya kila siku, kiangazi na baridi, na Alfi akiniuliza muogeleaji kama mimi nalitakia nini, namwambia nina kifua kibaya. Alfi mwenyewe hakuvaa kamwe. Alikuwa anakaa kwenye mtumbwi kwa utulivu wa mtu aliyekaa barazani kwake, na mimi nikimtazama najiambia, haya ndiyo maungo ya mtu anayejua maji. Nilijisemea kuwa nikiwa naye sitakufa.

Siku hizi, naambiwa, wanatuma kijidude kinachoruka na kupiga picha, kijana anakaa ndani ya gari anakunywa kahawa. Sisemi vibaya. Ila kijidude hakinusi. Ukingo unaovuja una harufu yake, harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu, na mie nilikuwa naisikia kabla sijafungua kopo la makapi. Turudi kwenye habari.

Nilikuwa na miaka sita kazini uliposhuka ukame mmoja, nyasi za bustani zote zikawa rangi ya mkeka. Maji yalikuwa yanapotea mahali fulani kati ya mabwawa ya magharibi na mabwawa ya mashariki, na ofisi ikataka mtu mmoja aifuate njia yote ya maji kwa mtumbwi, kuanzia bwawa la Welsh Harp kule kaskazini magharibi, ashuke kwenye mfereji, avuke mji mzima, apande bonde la mto Lea mpaka bwawa la mwisho. Siku tatu. Kazi hiyo ingekuwa yetu wawili, lakini Alfi kiuno kilimkamata, hawezi hata kufunga viatu. Bwana Kiko akafungua faili langu, akatabasamu, akasema mtu wetu wa kisiwani atakwenda peke yake.

Zuhura alikuwa anakata vitunguu nilipomwambia. Yeye alijua toka mwanzo kuwa sijui kuogelea, na kila asubuhi akiondoka kwenda shifti yake hospitali aliniuliza kama koti liko mkobani.

"Siku tatu?"

"Siku tatu."

"Na Alfi?"

"Kiuno."

Akaweka kisu chini. "Baba Rukia, nisikilize vizuri. Mie sikuja Landani kuwa kizuka. Sitakaa eda kwenye fleti ya ghorofa ya nne kwa sababu weye unaona haya. Ukirudi mzima, Jumatatu uende ukamwambie yule Bwana Kiko wako kuwa hujui kuogelea. Usipokwenda weye, nitakwenda mie, tena na yunifomu yangu, nikaseme mbele ya makarani wote."

"Watanifukuza, Zuhura."

"Wakufukuze. Aliyefukuzwa anarudi nyumbani akala."

Rukia alikuwa amesimama mlangoni. "Can't Daddy swim?"

"Kale chakula chako," tukamwambia kwa pamoja.

Asubuhi ya kwanza Welsh Harp ilifunikwa na ukungu. Niliteleza kutoka ukingoni na dunia ikapotea. Hapakuwa na juu wala chini, maji na mbingu kitu kimoja cheupe, na kafi langu likiingia na kutoka bila sauti. Ndege wenye shingo ndefu na vishungi, ambao mpaka leo sijui jina lao kwa Kiswahili, walitokea mbele yangu, wakanitazama, wakazama. Nilikuwa na hofu, na juu ya hofu ile nilikuwa na furaha, na sikujua mtu anaweza kuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja. Nikapita kandokando, mkono mmoja ukishika ubavu wa mtumbwi kila nilipopata nafasi.

"Weye! Kanga hiyo ya Unguja, au macho yangu?"

Sauti ilitoka ukingoni. Alikuwa mzee wa Kihindi, kofia ya sufu na viatu vya mazoezi, anafanya matembezi yake ya asubuhi. Jina lake Bwana Jayanti, mwenye duka Kenton, na Kiswahili chake kilikuwa cha Mkunazini hasa, kule Unguja mjini. Nikasogea. Tukaulizana mitaa, tukaulizana nani yu hai na nani hayupo, akanipa pakiti ya chevda, vile vitafunio vya Kihindi vya dengu na pilipili, aliyokuwa nayo mfukoni. Halafu akanitazama.

"Hujui kuogelea, kaka."

"Nani kakwambia?"

"Vidole vyako. Mwenye kujua hashiki ubavu namna hiyo." Akatikisa kichwa. "Sikuulizi kwa nini umo humo. Kila mtu na lililomleta huku. Lakini nakuomba, pita kandokando tu. Katikati ya maji usende."

Nikamwahidi. Na siku mbili nzima nilitimiza ahadi, kwa sababu mfereji ni mwembamba, katikati yake na kando yake ni pale pale. Nilishuka kwenye kijito kinachotoka bwawani, nusu nikielea, nusu nimebeba. Nikauingia mfereji mkubwa nikapita nyuma ya mji. Hamjaiona Landani mpaka mmeiona kwa nyuma. Nguo zimeanikwa, wapishi wanavuta sigara, mwanamke anaimba akidhani yuko peke yake. Hakuna anayekutazama, maana hakuna anayetaraji mtu atokee upande ule. Nilinyunyiza makapi yangu, nikangoja, nikaandika, nikala chevda. Usiku nililala kwenye vibanda vya walinzi wa milango.

Siku ya pili nikafika Islington, ambako mfereji unaingia ndani ya kilima kwa shimo refu la giza, na mtumbwi hauruhusiwi. Lazima upande juu, uvuke mitaa, upite sokoni, ushuke upande wa pili. Nikapindua mtumbwi juu ya mabega na ngata yangu. Ukiubeba hivyo kichwa chako kimo ndani, huoni ila ardhi na miguu ya watu. Mimi nilivuka Islington nikiona viatu tu. Viatu vya kike vyekundu vikanipisha. Buti za muuza samaki zikasimama. Viatu vidogo vya mtoto vilinifuata kitambo kisha vikavutwa nyuma. Sauti zilikuja kutoka juu, za mbali, na mbao zilikuwa zinanukia maji. Mtu mmoja akasema, "Umechelewa, Nuhu, mvua imekatika," na soko zima likacheka. Nilijiona natembea ndani ya usingizi wa watu wengine. Sijui kama nitaeleweka, lakini ndivyo ilivyokuwa, na sikutaka kushuka upande wa pili.

Nimewapitisha huko ili mjue nilifikaje kwenye kosa. Siku ya tatu nilikuwa nimeshalewa maji. Hofu ilikuwa imenitoka bila kuaga. Nilipanda bonde la Lea, nikabeba mtumbwi juu ya tuta la bwawa la mwisho, na lile bwawa likafunguka mbele yangu pana, limelala kimya, na katikati kisiwa kidogo cha miti, minandi, wale ndege weusi wapiga mbizi, wamekaa juu yake wamekunjua mbawa wakizianika. Jua lilikuwa kali. Nikavua koti la maboya nikalikalia. Kisha nikaenda katikati.

Sikuamua kwenda. Mikono ndiyo iliyokwenda. Nilikuwa namsikia bibi yangu akipepeta mchele, na maji yalikuwa laini, na nikasahau kuwa mimi ni mtu asiyejua kuogelea. Nilipomaliza kukizunguka kile kisiwa nikaelekea upande wa tuta, na zikiwa zimebaki hatua arubaini hivi nikanyunyiza makapi. Yakatulia. Halafu yakaanza kwenda, kinyume na upepo, yote pamoja, yakielekea tutani. Nililipata. Tundu lililotafutwa na ofisi nzima nimelipata mie! Nikainama kuyafuata kwa macho, nikainama zaidi, na mtumbwi ukanimwaga.

Maji ya bwawa yana baridi hata wakati wa joto, hilo mlijue. Nilizama, nikaibuka, mkono ukagonga mbao, nikaushika mtumbwi uliopinduka kwa kucha. Koti langu la maboya lilikuwa linaelea zake, mbali, linakwenda upande wa pili kwa raha. Nilijaribu kusema shahada nikameza maji. Nikamwona Zuhura amekaa eda ghorofa ya nne. Niliogopa vibaya sana, sijapata kuogopa hivyo tena.

Ndipo nikasikia, "Solly!"

Alikuwa Alfi. Alikuja kwa basi na mkongojo wake na kiuno chake kibovu, anipokee mwisho wa safari. Amesimama juu ya tuta, kofia mkononi.

"Uache mtumbwi, Solly! Ogelea, ni hapa tu!"

"Siwezi!"

"Umeumia?"

Nilikuwa nimelibeba jambo lile miaka sita, na likatoka kwa sauti iliyowarusha minandi wote. "Sijui kuogelea! Sijui kabisa!"

Nikamwona Alfi anavua koti lake, nikasema alhamdulillahi, anaingia. Akalishika lile koti mkononi, hakusogea. Kisha sauti yake ikaja juu ya maji, ndogo, si sauti yake ya kawaida.

"Mungu wangu, Solly. Mie pia sijui."

Nilicheka. Nimo majini, nakaribia kufa, nikacheka nikameza maji mengine. Miaka sita nilijificha nyuma ya mtu huyu. Alfi naye akaanza kupiga kelele. "Piga miguu! Shika mtumbwi, usiuachie, upige miguu nyuma! Nimewatazama watu miaka thelathini, najua wanavyofanya!" Nikapiga miguu. "Si hivyo, hupigi ngoma! Juu, chini, juu, chini!" Nikapiga juu, chini. Mtumbwi ukasogea kidogo, ukasimama, ukasogea. Sijui ilichukua muda gani. Mwisho Alfi alilala kifudifudi juu ya zege, na kiuno kile, akaninyooshea mkongojo, akanivuta.

Tulikaa pale wote wawili tukitetemeka, mimi kwa baridi na yeye sijui kwa nini. Alinivika koti lake. Aliniambia alizaliwa ndani ya mashua ya mizigo, baba yake na babu yake pia, na kati yao hakuna aliyejua. "Sisi maji tuliyafanyia kazi, Solly. Hakuna aliyetufundisha kuchezea." Nikamwambia Jumatatu nakwenda kusema, nimemwahidi mke wangu. Akainamisha uso.

"Sema lako. Langu niachie. Nimebakisha miaka miwili nistaafu. Wakijua nimefundisha watu kazi hii miaka yote na sijui hata kuelea, watanitoa kwa aibu."

Nikampa mkono.

Jumatatu nikasimama mbele ya Bwana Kiko. Habari ya tundu ilikuwa imeshamfikia, mafundi wameshapelekwa, amefurahi. Nikamwambia yote, toka ile siku ya bathe. Alicheka hadi kiko kikamtoka, kisha akaacha kucheka ghafla, akaona hatari ilivyokuwa.

"Sikufukuzi," akasema. "Kosa la neno lile ni langu kama lako. Lakini peke yako hutakwenda tena. Kuanzia leo Alfred atakaa nawe kwenye mtumbwi mmoja. Ukianguka, yeye atakutoa."

Nilifikiria mkono niliompa Alfi. Nikasema, "Thank you, sir," nikatoka. Msinipigie makofi, vijana. Nilikwenda kusema kweli nikarudi na uongo mkubwa kuliko wa kwanza. Sasa tulikuwa wawili ndani ya mtumbwi mmoja, kila mmoja ameandikwa kuwa yuko salama kwa sababu ya mwenzake.

Zuhura alinisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atanifokea. Akasema, "Basi lazima mmoja wenu ajue. Jumamosi bwawa la kuogelea linafunguliwa saa moja asubuhi."

Alfi nilimpa sharti moja tu, avae koti la maboya, akavaa kwa manung'uniko, na miezi ile yote tulipita kandokando tu. Kila Jumamosi nilisimama kwenye maji ya kina kifupi pamoja na watoto wa miaka mitano na sita, mwenye ndevu ni mimi peke yangu. Rukia alikuwa darasa hilo hilo na alijua kabla yangu. "Kick, Daddy! From the hip!" akinipigia kelele mbele za watu nipige miguu toka nyongani. Nilijifunza kuelea. Nilijifunza kupumua upande. Siku nilipovuka upana wa bwawa bila kugusa chini nililia, na maji yakanisitiri.

Mwalimu wetu, msichana mwenye filimbi, akasema nimemaliza, anipe cheti. Nikamwambia bado.

"Nifundishe kumtoa mtu majini."

"Mtoto?"

"Mtu mzima. Mzito."

"Anajua kuogelea?"

"Hajui, na hatakubali kuwa hajui."

Kwanza nilivuta tofali, kisha gunia, kisha kaka yake yule msichana, ambaye alikuwa mnene na mwenye mizaha, akijifanya anazama kwa nguvu zote na kunikaba shingo. Nilikaa wiki nyingi nikiwa na michubuko. Mpaka Jumamosi moja nilimkamata kwa nyuma, kidevu chake kwenye kiwiko changu, nikamvuta toka mwanzo wa bwawa hadi mwisho, na alipotoka akasema hakufanya mzaha hata kidogo safari ile.

Wiki iliyofuata tulikuwa bwawani, mimi na Alfi, yeye mbele mimi nyuma, ukungu umeanza kuinuka. Nikamwambia, "Alfi, naweza kukutoa."

Hakugeuka. "Mie nina ratili mia mbili na kumi, Solly."

"Nimemvuta wa mia mbili na ishirini."

Kafi lake likapiga mara mbili, tatu. Nikageuza mtumbwi, nikauacha ukingo, nikaelekea katikati, naye hakusema nisende. Tulipofika mahali ambapo nchi kavu haionekani upande wowote, aliniambia, bado kanipa mgongo, kuwa toka utotoni hajapata kufumba macho akiwa juu ya maji, hata dakika moja, hata kwenye mashua ya baba yake. Siku zote anakaa macho. Watu wanamwona ametulia, kumbe anakaa macho.

Kisha akalaza kafi mapajani, akateremka taratibu mpaka mgongo wake mnene ukakaa sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye mti wa katikati, kwenye ngata yangu, akajifunika uso kwa kofia. Nilidhani anapumzisha kiuno. Baada ya kitambo nikamsikia anakoroma. Nikapiga kafi polepole, nisimwamshe.